Ugali wa Zoezi

Hapa Katito, Lorna Gakenia ana jina jingine, na sina hakika kama analijua. Tunamwita Utafiti Unasema. Mimi ndiye niliyelianzisha, na sijutii, maana lilimkaa vizuri kuliko lile koti lake jeupe ambalo mikono yake inamfunika mpaka vidole.

Naitwa Mercyline. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, yule mwanamke anayebisha hodi kwenu kuuliza kama mtoto amechanjwa, nanyi mnajifanya hamko. Gakenia ni mtaalamu wa tiba ya kazi. Ameajiriwa katika hospitali ya serikali mjini Kisumu, na kila Jumanne huja kwenye zahanati yetu kuwaona wagonjwa wasioweza kufika mjini. Tiba ya kazi ni kitu kigumu kukieleza sokoni. Mara ya kwanza nilitangaza kwamba daktari wa kazi anakuja, na asubuhi nikakuta foleni ya vijana wenye vyeti vya shule ndani ya bahasha za kaki. Mmoja wao, Masinde, alikuwa ametoka Port Victoria kabisa, amevaa tai. Gakenia aliwaeleza polepole kwamba yeye hatoi kazi. Yeye humsaidia mtu aliyeugua au kuumia arudie shughuli zake: kuoga, kuvaa, kupika, kulima. Masinde alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, na bado akamwachia cheti.

Gakenia ni mtu wa Kinangop. Alikuja Kisumu kwa sababu alipangiwa huko, akapanga nyumba Migosi, akabaki kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke. Kidholuo chake kinaishia kwenye salamu. Katika idara yao walikuwa wawili. Mwenzake alipata kazi Uingereza, na kiti chake hakijapata mtu mpaka leo. Daktari akikwama humwuliza daktari mwenzake, lakini Gakenia akikwama hana wa kumwuliza. Hukaa kwenye benchi nyuma ya zahanati yetu, akafungua simu, akasoma makala ya watafiti wa nchi za mbali huku akitafuna karanga. Mwanzoni nilidhani ni maringo ya msomi. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba wale watafiti ndio wenzake wa kazi. Anawajua kwa majina, anajua nani alipingana na nani, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba Gakenia yuko duniani.

Kitu kingine nilichokiona mapema ni kwamba hakuwa na haraka ya kurudi kwake. Wagonjwa wakiisha, atapanga viti, atapangusa meza iliyokwisha pangusika, ataniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja, hata yule anayeniudhi. Mimi nina nyumba ya kwenda kugombana nayo. Nikimwambia nafunga mlango, anasema, "Ndiyo, hata mimi nilikuwa naenda," na bado amekaa.

Sasa nije kwa Dorca Achola, ambaye sisi humwita Mama Griffins, kwa jina la mwanawe wa pekee. Mjane. Kwa miaka mingi alikuwa na hoteli pale njia ya Kendu Bay inapoachana na barabara kuu ya Kisii, na nikisema hoteli namaanisha mabati, benchi na meko. Dereva gani wa lori hajala samaki ngege wa Mama Griffins? Walikuwa wakimpigia simu wakiwa bado Ahero ili wakute ugali umeiva. Halafu asubuhi moja alikuwa akiinjika sufuria ya chai, mkono wa kulia ukakataa, mguu ukafuata, akaanguka. Kiharusi. Alipotoka hospitalini, kibanda chake kilikuwa kimeshachukuliwa na mtu anayeuza simu na vifuniko vya simu.

Mguu ulirudi, akawa anatembea kwa fimbo. Mkono ulining'inia. Na hapa mkono wa kulia si mkono tu, ndio wa kusalimia watu na ndio wa kulia chakula. Mama aliacha kwenda kanisani, kwa sababu mlangoni pale kila mtu anakunyooshea wake, naye alikuwa na wa kushoto tu wa kutoa. Chakula akawa anakula kwa kushoto ndani ya nyumba, mlango umefungwa, ili asionekane.

Griffins yuko Nakuru, ana kazi nzuri na mke na nyumba ghorofani. Si mtoto mbaya, nasema hivi mapema ili msimhukumu. Alipiga simu akasema atakuja likizo ya Agosti. Akikuta mama yake anaweza kujipikia na kujilisha, atamwacha Katito. Akikuta hawezi, atafunga nyumba na kuondoka naye. Mama aliniambia, "Huko ghorofani nitakaa kama kuku ya kununuliwa, amefungwa mguu, anangoja." Akalia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia, hata mumewe alipofariki hakulia mbele zetu. Nikamwandikisha kwa Gakenia.

Gakenia huanza na swali moja kwa kila mgonjwa: unataka urudie kufanya nini? Wengine hujibu wanataka kupona, naye huwauliza tena, kupona ili ufanye nini? Mama Griffins hakuhitaji kuulizwa mara ya pili.

"Mimi nataka kupikia," alisema.

Gakenia akatabasamu kidogo upande wangu. Alikuwa ameshazoea Kiswahili chetu cha huku ziwani, kisichojali sana kama ni cha au za, kinachoongeza hapa na kupunguza pale. Akaelewa kwamba Mama anataka kupika, wakaanza kazi.

Katika hospitali nyingi, mkono wa kiharusi hupewa kampira, ukaambiwa finya. Mama alikuwa amepewa kake. Gakenia alikaweka kando. "Utafiti unasema," akaanza, nami nikatazama dari, "kufinya mpira kunakufundisha kufinya mpira. Ukitaka kusonga ugali, songa ugali." Akamshikisha mwiko. Halafu akampa kitambaa ashike na kukiachia, aone kama vidole vinafunguka. Vilifunguka kidogo sana, kama mtu anayeona haya. Gakenia alifurahi mno, akaeleza kwamba kuna njia iliyojaribiwa kwa watu wengi huko nje, na inawafaa wale ambao vidole vyao vinafunguka hata kidogo: unaufunga mkono mzima kwa saa kadhaa mchana, ili ule mgonjwa usipate mwenzake wa kumtegea.

Basi mkono wa kushoto wa Mama ukavishwa soksi nene ya mpira wa miguu, ikafungwa kwenye kifundo. Jentrix, jirani yake, anayeimba kwaya na kuijua habari ya kila mtu, alikuja kwangu mbio. "Mercyline, huyo binti wenu, nyar Kikuyu, amefunga mkono mzima akaachia mgonjwa afanye kazi. Hiyo ni hospitali ama ni adhabu?" Ilinibidi niende nyumba hadi nyumba kueleza. Wengine walielewa, wengine walisema wataombea.

Lakini nitampa Gakenia haki yake. Hakuchukua maneno ya makala akayamwaga kwa Mama kama maji. Kipimo kilichotajwa mle kilitaka mtu afungue kwa ufunguo, achukue kadi za karata mezani, akate nyama kwa kisu na uma. Alikisoma, akacheka peke yake, akasema, "Hapa uma ni wa nini?" Akaweka mambo yetu badala yake: kukata tonge, kulifinyanga, kulibonyeza kwa dole gumba litengeneze shimo la mchuzi, kutoa mwiba kwenye samaki bila kumharibu. Siku tonge la kwanza lilipofika mdomoni mwa Mama bila kuanguka, Gakenia aligeuka dirishani akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kila Jumanne alipomaliza zahanati tulikwenda nyumbani kwa Mama. Zoezi lilikuwa kupika. Mama aliinjika maji, akamwaga unga kwa kulia, akasonga, jasho likimtoka, soksi ikining'inia upande wa pili. Gakenia alisimama pembeni akitazama bega, kiwiko, vidole. Ugali ukiiva, Mama aliuepua, akaweka sahani, akasema, "Bi wachiem." Njoo tule. Na Gakenia akasema kila mara, "Asante Mama, nimeshiba."

Hakuwa ameshiba, alikuwa na karanga tumboni. Ni kanuni ya kazi yao: usile kwa mgonjwa. Nami naielewa, maana huku kwetu maskini atakuchinjia kuku wake wa mwisho kisha alale njaa. Mimi pia, nikiwa naye, nilijifanya kuwa na kanuni. Ugali ule uliishia kwa kuku wa Jentrix. Tuliuita ugali wa zoezi, na tuliuita hivyo mbele ya Mama mwenyewe, tukacheka.

Mkono ulizidi kuwa mzuri. Kufikia Julai Mama aliweza kuinua sufuria kwa mikono miwili, kumenya kitunguu, kufunga leso. Gakenia aliupima akasema haamini. Ila kulikuwa na jambo. Mimi hupita pale siku nyingine za juma, na jiko nililikuta baridi. Mama alikuwa anaishi kwa chai na mkate. Gauni lake la kijani lilikuwa limeanza kumzunguka. Nikamwambia Gakenia.

Lilimsumbua. Alirudi kwenye benchi lake na simu yake. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe, kwamba hilo linajulikana: mkono unaweza kufanya mbele ya mtaalamu, na nyumbani usifanye. Makala yalipendekeza aongeze muda wa soksi na mazoezi ya nyumbani. Akaongeza. Mama aliitikia kila kitu, ndiyo daktari, ndiyo daktari, na akazidi kukonda. Griffins naye akapiga simu kusema amepata ruhusa kazini, anakuja Jumamosi ijayo.

Jumanne iliyotangulia Jumamosi ile, Gakenia alikuja akiwa amekasirika. Sijawahi kumwona amekasirika kabla wala baada. Alishika jiko kwa kiganja, akalikuta baridi.

"Mama, huu mkono ni mzuri. Nimeupima mimi mwenyewe. Kwa nini jiko limelala?"

Mama alikuwa akiitazama soksi mapajani mwake.

"Mtoto wako anakuja Jumamosi. Si wewe uliniambia unataka kupika?"

"Mimi sikusema kupika," Mama alijibu. "Nilisema kupikia."

Gakenia aliniangalia mimi, kama mtu anayeomba tafsiri, na tulikuwa tunasema Kiswahili sote watatu.

"Kupikia nani, Mama?"

"Hiyo ndio ungeniuliza ile siku." Mama hakupaza sauti. "Unakuja hapa unaniambia pika. Napika. Unaangalia mkono, unaandika, unasema umeshiba. Hawa majirani wananiletea chakula imefunikwa na sahani, Mama pumzika, Mama usijisumbue. Mimi nikiwapa yangu, wanasema wamekula. Tangu niugue, hakuna mtu amekula kitu imetoka kwa mkono yangu. Kuku ndio wamekula. Niwashe jiko ya nini?"

Ni herufi moja tu, hiyo i ya kupikia. Huku tunakosea herufi kila siku na mbingu haianguki, ndiyo maana hata mimi niliyezaliwa hapa niliisikia ikapita. Lakini Mama hakuwa amekosea. Alikuwa amepikia watu maisha yake yote, na kupika ili mtu ajaze tumbo lake mwenyewe halikuwa jambo alilowahi kulifanya wala kulitamani.

Gakenia alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa mlango, akasema, "Nisamehe, Mama. Leo sijala." Hakusema utafiti unasema nini. Mama aliwasha jiko. Tulikula omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali, sote watatu kwenye sinia moja, na Gakenia alikula vibaya, mchuzi ukimtiririka mpaka kwenye kiwiko, akila haraka kama mtu atakayenyang'anywa. Mama alimkemea ale polepole. Nilipenda kuwatazama, na wakati uleule niliogopa, maana Jumatano ingefika, na Alhamisi, na mimi nina nyumba yangu.

Nilipita siku zote mbili. Jiko lilikuwa baridi.

Jumamosi Gakenia alikuja, ingawa si siku yake. Alisema Griffins atataka kusikia kutoka kwa mtaalamu. Njiani kutoka stendi aliniambia kwamba alikuwa ametafuta sana. Alipata makala kuhusu wazee wanaokula peke yao, jinsi wanavyokonda na kununa, na yote yalikuwa kweli tupu, yameandikwa vizuri. "Wameeleza ugonjwa," alisema. "Dawa hawakusema." Nikamwuliza atamwambia nini Griffins. Akasema hajui, na alitembea akiangalia viatu vyake mpaka tukafika.

Mama alikuwa amepika kwa ajili ya mwanawe. Ngege mzima wa kukaanga akachemshwa kwa nyanya, osuga, yaani mnavu, iliyotiwa maziwa, ugali uliosimama kama inavyotakiwa. Vyote kwa mkono ule. Griffins, kijana mnene mwenye sauti ya upole, alimtazama mama yake akipakua, akafuta macho kwa kiganja, akaniambia hakutegemea. Tukanawa, tukaanza kula.

"Kwa hivyo daktari," alisema, "anaweza kubaki?"

Ningekuwa mimi ningesema ndiyo, nikala samaki wangu. Nilimwona Mama amesimamisha tonge. Kila kitu chake kilikuwa ndani ya jibu hilo: nyumba, kaburi la mumewe nyuma ya nyumba, njia panda, majina ya watu wanaompitia.

"Mkono unaweza," Gakenia alisema. "Lakini akiwa peke yake hapiki. Anakunywa chai. Sitakudanganya."

Mama aliweka tonge chini. Hakumtazama Gakenia, alimtazama mwanawe, naye Griffins alishusha pumzi kwa namna ya mtu ambaye jambo limejiamua lenyewe.

"Basi, Mama, tumejua. Kesho tunaondoka. Kwangu kuna msichana wa kazi, hutagusa sufuria."

"Asipogusa sufuria mkono utarudi ulipokuwa," Gakenia alisema. "Na huko mezani atakula na nani?"

"Sisi tunatoka asubuhi, tunarudi jioni. Watoto wako bweni." Alikuwa anajibu kwa uaminifu, hakuna alichoficha. "Sasa daktari, hapa hapiki, huko hapiki. Wewe unapendekeza nini? Kuna njia ya kitaalamu?"

Nilingoja aseme. Wallahi nilitaka aseme, aanze na yale maneno yake mawili, nami nisitazame dari.

"Sina," alisema Gakenia. Uso wake ulikuwa umeiva kwa haya. "Mimi nina mikono miwili mizima, na sipiki. Nina jiko la gesi nililonunua nilipohamia Migosi, bado nailoni yake ya dukani iko. Usiku nakula mkate nimesimama, halafu naosha kikombe. Nilidhani ni mimi tu niko hivyo. Mgonjwa wangu alikonda mbele yangu kwa ugonjwa ambao mimi mwenyewe ninao, na sikuutambua. Kwa hivyo sijui dawa. Najua tu Jumanne nilikula hapa, na tangu Jumanne nimekuwa nikiifikiria Jumanne nyingine."

Griffins alikohoa, akatazama simu yake, akairudisha mfukoni. Nilitamani kumshika Gakenia mkono na sikumshika, kwa sababu tulikuwa na mchuzi vidoleni, na kwa sababu mimi si mtu wa mambo hayo.

Mama ndiye aliyezungumza, kwa Kiswahili, ili sote tusikie.

"Griffins, nikikaa hapa, utakuwa unakuja kula?"

"Nitajaribu, Mama. Unajua kazi."

"Najua." Alisema bila uchungu. "Basi wewe enda salama. Mimi niache hapa. Huyu ana njaa."

Na kwa mkono wa kulia akaukata ugali kipande kikubwa, akamwekea Gakenia.